Boksi la marehemu mjomba: hizi karatasi za herufi zilitumikaje?

KijanaWaKirumba: Shikamooni wakubwa. Marehemu mjomba alikuwa anatengeneza matangazo hapa Kirumba, Mwanza. Juzi tunasafisha stoo tukakuta boksi: karatasi za plastiki zenye herufi nyeusi, zimeandikwa Letraset, na kalamu tatu za wino za kuchorea, zimeandikwa rotring, zenye duara la rangi, nyeupe, njano na kahawia. Nikikwaruza herufi inaganda kidoleni. Vilitumikaje?

MzeeWaBrashi: Marahaba. Umenikumbusha mbali. Hizo herufi zilitoka Uingereza. Unalaza karatasi juu ya kazi, unasugua herufi kwa bolpeni iliyokauka, unainua taratibu, herufi inabaki chini. Ukikosea unaibandua kwa selotepu. Kazi ikikamilika inapigwa picha, inakwenda kuchapwa.

Tatizo, zilipangwa kwa ajili ya Kiingereza. E kibao, A za kuhesabu, na Kiswahili kinakula A kama sangara anavyokula dagaa. MKUTANO WA HADHARA peke yake ni A tano! Karatasi inaisha hata kwenye tarehe hujafika. Nilikuwa nachukua V, naigeuza kichwa chini, nakata kijiti cha I kwa wembe, napachika katikati. Wateja hawakugundua, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mwalimu. Ila M ikiisha usigeuze W. Miguu inatanuka kama ya mlevi.

Kalamu, rangi inaonyesha unene wa mstari: nyeupe ni milimita 0.25, njano 0.35, kahawia 0.5. Wino umegandia ndani, loweka ncha kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha. Ule waya wa ndani usiuchomoe, hasa wa nyeupe, ni kama unywele. Ukipinda, kalamu imekwisha.

BintiIgogo: Baba yangu aliandika majina ya mitumbwi pale Mwaloni, hizo hakuzigusa. Uzi uliopakwa chaki: anauvuta, anauachia, mstari umetoka. Halafu brashi na rangi ya mafuta.

MzeeWaBrashi: Baba yako fundi, binti yangu. Kwenye mbao, herufi hizi hazishiki, zinataka karatasi laini. Kijana, jaribu kwanza na herufi usiyoihitaji. Zikizeeka kwenye joto la bati zinapasuka.

KijanaWaKirumba: Asante mzee. Nimerudi stoo kuhesabu. Karatasi sita. A hakuna hata moja. V nazo hakuna. Q na X ziko zote.