Blanketi la vipande nimeshona kwa mkono, niweke jina langu au niache tu?

mama_vipande (Ujiji)
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mimi nashona mablanketi ya vipande vya vitenge, yale masalia ya mafundi nguo pale soko la Mwanga nayakusanya, nafua, nakata pembe nne naunga, katikati naweka blanketi kuukuu au pamba, nyuma bitana, afu zote tatu nazishika pamoja kwa sindano ya mkono. Wengi wananunua kwa ajili ya mtoto mchanga au kumpelekea bi harusi. Sasa binti yangu anasema kila blanketi lazima liwe na lebo ya jina langu, mama mkwe anasema hapana, kujiandika kwenye kazi yako ni kujikweza, na kuna mteja kaniambia kabisa usiweke chochote mana nampa mtu zawadi. Roho yangu inataka kuweka. Naombeni mawazo, na kama ni kuweka naandika nini, na wino gani hautoki mana huku watu wanafua kwa sabuni ya mche au ile ya mawese na kitu kinashinda juani.

fundi_isevya (Tabora)
Weka dada, tena usisite. Shika kitenge chochote angalia ukingoni, kiwanda kimejichapa jina pale. Kanga za Kaderdina, yule mfanyabiashara wa kanga wa Mombasa, zimeandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla na watu wanazijua kwa hayo maandishi. Sasa aliyechapa kitambaa ana jina, wewe uliyekaa nacho mpaka kikawa blanketi usiwe nalo kwa nini?

Kuhusu wino, kalamu ya kawaida ya kuandikia madaftari usiiguse, inachuja na rangi inageuka. Maka peni nyingi nazo zinasambaa kwenye nyuzi. Kama utapata ile kalamu maalum ya kitambaa ni sawa, ila ijaribu kwanza kwenye kipande pembeni, pasi ya moto juu yake bila maji, afu fua na anika kama mteja atakavyofua. Ikibaki ndo uandike. Mimi lakini nadarizi, uzi wa rangi iliyokolea kwenye amerikani nyeupe (kile kitambaa cha pamba kisicho na maua), mshono wa kurudi nyuma, herufi kubwa kubwa. Inachukua muda ila uzi ukiwa hauchuji hautakusumbua. Amerikani uifue kwanza itoe wanga na isinyae kabisa, usipofanya hivyo lebo itajikunja baadae na kuvuta bitana. Na ukitumia kalamu weka msasa chini ya kitambaa, kinatulia hakitelezi.

Usiibandike kwa gundi ya pasi peke yake, ikifuliwa sana inaachia. Ishone.

mjukuu_kasulu
Dada mama_vipande naomba nikwambie kitu kinachoniuma. Sisi nyumbani tuna blanketi la vipande la bibi mzaa mama, limeshonwa na mtu ambaye hatumjui vizuri, mama anasema ni bibi mwenyewe, mjomba anasema ni shangazi yake bibi aliyekuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na wote waliokuwa wanajua wameshatangulia mbele za haki. Ukiliangalia unaona ni mkono wa mtu makini sana, mishono midogo kama ya mashine, kona zote zimekutana, na kuna kipande kimoja cha bluu karudiarudia kila mstari, ina maana alikuwa na sababu yake. Sababu gani? Hakuna wa kumuuliza.

Na hapa ndo nasisitiza, usiandike Mama fulani. Huku kwetu mwanamke akizaa tu jina lake linapotea, anaitwa kwa mwanae wa kwanza, na kila mtaa una Mama Asha wawili watatu. Bibi yangu mimi jina lake la kuzaliwa nilikuja kulisikia siku ya msiba wake linasomwa. Andika jina lako lote na la baba yako, andika Ujiji, andika mwaka, na kama unajua blanketi ni la nani na la shughuli gani andika na hiyo. Mtoto aliyefunikwa nalo akiwa mtu mzima atajua kuna mama Ujiji alimshonea.

mzee_kibirizi
Mimi naheshimu sana maneno ya mama mkwe wako, usiyapuuze, kuogopa riya, yaani kufanya jambo ili watu wakuone, ni jambo jema. Lakini riya iko moyoni mwa mtu, haiko kwenye uzi. Unavyoweza kukaa nao wote vizuri ni hivi, anza na jina la anayepewa na dua fupi, chini yake kwa herufi ndogo "imeshonwa na" na jina lako. Hapo hata yule mteja wa zawadi hana neno, mana lebo inamzungumzia mtu wake. Akikataa kabisa bado mheshimu, pesa ni yake, ila piga picha ya blanketi uandike kwenye daftari lako limeenda wapi.

msoma_makumbusho (Tabora)
Kuna mama mmoja Marekani anaitwa Harriet Powers, alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Alishona blanketi la picha za visa vya Biblia, vipande 11, Adamu na Hawa, Kaini na Habili mpaka karamu ya mwisho, akalionyesha kwenye maonyesho ya pamba mji wa Athens, huko huko Georgia, 1886. Mchoraji mmoja Jennie Smith akalitaka, mama akakataa kuuza, baadae maisha yakabana akamuuzia 1891 kwa dola 5. Lakini Jennie Smith alifanya jambo la maana, alimsikiliza akaandika kila picha inasema nini, na ndo mana leo liko makumbusho ya Smithsonian Washington na jina la mwenye kazi liko nalo. Mablanketi mangapi ya wanawake kama yeye yamebaki "mshonaji hajulikani"? Mengi mno. Yeye alipata mtu wa kumwandikia, wewe una kalamu yako mwenyewe.

mama_vipande (Ujiji)
Asanteni sana jamani, mzee Kibirizi shukrani za pekee, hilo la jina la anayepewa kuanza nimemsomea mama mkwe kakubali na dua kaitaja yeye mwenyewe. Naweka. Swali la mwisho, lebo naiweka wapi isichokonolewe, mana nasikia kuna wanaonunua afu wanaenda kuuza kama kazi yao. Na hilo la marehemu mama yangu lililopo ndani, limechakaa, naweza kuliandika na lenyewe?

fundi_isevya (Tabora)
Kwa mapya ishone kwenye bitana kabla hujaunganisha na pamba, kona ya chini, pande mbili ziingie ndani ya pindo. Ile mishono ya kushikilia tabaka tatu ipite juu ya lebo yenyewe, mtu akitaka kuitoa itabidi afumue blanketi. Na chini ya lebo, kwenye bitana, darizi herufi zako mbili tatu ambazo hazionekani.

La mama usiliandike wino hata kidogo na usilipige pasi ya moto, kitambaa cha zamani hakivumilii. Andaa lebo pembeni, ikikauka na kufuliwa ndo uishone kwa mkono, sindano nyembamba, ushike bitana tu usitoboe mpaka upande wa juu. Mwaka ukiwa huna uhakika nao andika "inakadiriwa miaka ya", usibuni. Na andika nani kasema, yaani "kwa maelezo ya binti yake" afu jina lako.