Naomba ushauri: nyimbo zipi za roki ya zamani zinafaa kupigwa na bendi ya dansi hapa Kigoma?

Mpiga Rizimu wa Mwanga:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Ninapiga gitaa la rizimu katika bendi ndogo ambayo mwishoni mwa juma hutumbuiza kwenye hoteli moja kando ya ziwa, na kazi yetu ya kawaida ni rumba ya Kikongo, zilipendwa za nyumbani na nyimbo chache za harusi. Mwenye hoteli ametuomba tuandae usiku mmoja wa roki ya zamani, kwa kuwa kutakuwa na mkutano wa wastaafu, wengi wao walimu na watu wa reli, pamoja na wageni watakaokuwa wanarudi kutoka Gombe. Orodha aliyotupa ina Bohemian Rhapsody ya Queen, Stairway to Heaven ya Led Zeppelin, Hotel California ya Eagles na Smoke on the Water ya Deep Purple. Tuna gitaa la solo, la rizimu na la besi, dramu, kinanda kimoja kilichochoka na waimbaji wawili. Naombeni ushauri: tuanze na zipi, tuache zipi, na je, tuzipige kama zilivyo au tuzigeuze ziwe na mwendo wa dansi ili watu wasikae vitini usiku kucha?

Mzee wa Stesheni:
Marahaba, kijana. Huenda mimi ni mmoja wa hao wastaafu, ingawa mwaliko bado sijauona. Nyimbo hizo tulizisikia kwa kaseti tukiwa vijana Tabora, kwa sababu redio yetu wakati ule ilizipa nafasi kubwa bendi za nyumbani, na haki yao ilikuwa. Mwenzetu aliyekuwa akisafiri na treni ndiye aliyeleta kaseti hizo kutoka Dar es Salaam, nazo zilikuwa zimerekodiwa juu ya kaseti nyingine, hata Hotel California ilipokwisha zilisikika sekunde chache za Tabora Jazz kabla ya kimya.

Anzeni na huo. Wimbo ulitoka katika albamu ya mwisho wa mwaka 1976, na ndio wimbo wa Kizungu ninaoukumbuka ambao watu walinyamaza kulingoja gitaa, si mwimbaji. Mwishoni wapiga gitaa wa Eagles, Don Felder na Joe Walsh, wanapokezana, kila mmoja anasema lake, halafu magitaa yote mawili yanashuka pamoja kwa sauti zinazoendana. Mtu aliyelelewa na muziki wa dansi, ambako gitaa la solo na la pili yake (second solo) husemezana hivyo hivyo, hahitaji kufundishwa namna ya kuusikiliza.

Fundi Nyuzi, Ujiji:
Naunga mkono, lakini gitaa lako la rizimu litakuwa na kazi kubwa kuliko unavyodhani. Hotel California upo katika ufunguo wa B ndogo (B minor), na utangulizi wake Felder aliupiga kwa gitaa la nyuzi kumi na mbili akiwa amebana kapo, yaani kile kibano cha nyuzi, kwenye freti ya saba, ndiyo maana unasikika mwembamba na unaong'aa. Bila kapo mtaupiga, ila utasikika mzito.

Kuhusu Smoke on the Water, wanafunzi wengi wa gitaa hukwangua nyuzi zote kwa nguvu kisha wakashangaa kwa nini haufanani na wa kwenye santuri. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa Deep Purple, alivuta nyuzi mbili kwa pamoja kwa vidole, bila kipande cha plastiki. Wimbo huo unafaa sana hapa kwetu kwa sababu nyingine pia. Tarehe 4 Desemba 1971 wanamuziki hao walikuwa Montreux, Uswisi, wakijiandaa kurekodi, na kasino iliyokuwa na onyesho la Frank Zappa ikaungua. Wao wakiwa hotelini waliona moshi ukitanda juu ya ziwa Geneva. Mwimbaji akieleza kisa hicho kwa Kiswahili kabla ya gitaa kuanza, watu wa ziwa hawatahitaji kujua Kiingereza cha beti.

Binti Katubuka:
Mimi nasema Bohemian Rhapsody msiipige yote. Najua wastaafu wataidai, kwani Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 na hapa nchini kila mtu anajiona kama shangazi yake, lakini ile sehemu ya katikati yenye kwaya ya opera ilitengenezwa studio kwa kurundika sauti juu ya sauti. Queen wenyewe jukwaani waliiweka kwenye kanda, na walipopanda Wembley Julai 1985 katika tamasha la Live Aid, waliimba mwanzo wake, wakapiga solo ya gitaa, wakahamia wimbo mwingine. Ikiwa wao waliona inatosha, ninyi wenye waimbaji wawili mnajitafutia nini? Imbeni sehemu ya kwanza kwa kinanda, solo ipigwe, mmalizie hapo.

Mnyamwezi wa Isevya:
Niruhusiwe kupinga wazo la kuzigeuza ziwe dansi. Roki ina pigo lake zito, na mkiliondoa mtabaki na rumba iliyokosa maneno. Isitoshe, nyimbo hizo tayari zina umbo tunalolijua. Stairway to Heaven, ya mwaka 1971, ina urefu wa dakika nane hivi, na dramu haziingii mpaka zipite dakika nne. Kabla ya hapo ni gitaa, filimbi na uimbaji wa taratibu, kisha mambo yanapanda hadi solo ya Jimmy Page na sauti ya Robert Plant ikiwa juu kabisa. Hayo ni mashairi ya taratibu halafu chemko, ile sehemu ya kuchangamka, kama tulivyozoea kwenye dansi. Mkitaka ushahidi kwamba Mwafrika anaweza kuipiga roki bila kuiomba radhi, sikilizeni WITCH wa Zambia wa miaka ya 1970, kundi la Emmanuel Chanda aliyeitwa Jagari.

Mzee wa Stesheni:
Ndugu wa Isevya, WITCH nakubali, ila hiyo Stairway hapana. Umewahi kuketi hotelini watu wanapongoja samaki? Dakika nne bila dramu zitamezwa na mazungumzo na vijiko. Mwaka ule tulikuwa tunaisikiliza gizani, tumelala chali bwenini, hakuna anayekula chochote. Iacheni, au muiweke usiku sana wakishabaki wanaoipenda kweli.

Mpiga Rizimu wa Mwanga:
Nawashukuru wote. Nimekubali kutogeuza, lakini bado swali la kucheza halijajibiwa. Katika orodha hii sioni wimbo utakaowainua watu.

Binti Katubuka:
Mbona hakuna aliyewataja Creedence Clearwater Revival? Proud Mary ya mwaka 1969 ina chodi chache, mwendo wake haubadiliki-badiliki, na inahusu meli ya mtoni; katika mji wenye MV Liemba wimbo kama huo hauwezi kukosa wa kuuitikia. Kiitikio kinajirudia, kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza atakishika mara ya pili.

Fundi Nyuzi, Ujiji:
Hapo umenena. Baada yake wekeni Sultans of Swing ya Dire Straits, ya mwaka 1978. Mark Knopfler naye hapigi kwa plastiki, anatumia vidole, na mpiga solo aliyezoea kuvuta nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada ataizoea mapema kuliko hizo nyingine. Chodi za mwanzo zinashuka kutoka D ndogo hadi A, besi ikizifuata, na dramu hazikimbii. Maneno yake yanahusu bendi ya jazi inayopiga London mbele ya watu wachache wasiojali. Mwimbaji wenu ataimba kwa uchungu bila kufundishwa.

Mpiga Rizimu wa Mwanga:
Basi tutaanza na Hotel California, ifuate Smoke on the Water pamoja na kisa chake, Queen nusu, kisha Creedence na Dire Straits wakati meza zimeshaondolewa. Kuna mtu yeyote mjini mwenye kapo ya kuazima?

Fundi Nyuzi, Ujiji:
Ninayo. Njoo na gitaa lenyewe, maana kapo kwenye nyuzi zilizochakaa itakuharibia tyuni kabla wimbo haujafika kwenye solo.