Vyombo tusivyovihitaji tena tuvipeleke wapi hapa Lubumbashi?

Mama wa Kampemba: Ndugu wasomaji, watoto wetu wamekwisha kuoa na kuolewa, nasi tunahamia nyumba ndogo. Tunabakiwa na magodoro, sufuria kubwa, nguo za watoto, jiko la umeme na friji iliyoacha kugandisha. Shemeji yetu aishiye Brussels anasema huko watu hupeleka vitu vya namna hiyo kwenye maduka ya hisani, kama yale ya Les Petits Riens, shirika lililoanzishwa na padri mwaka 1937, ambako huuzwa kwa bei nafuu na fedha zikawasaidia maskini. Hapa kwetu sijaona duka la aina hiyo. Tufanye nini ili vitu vyetu viwafikie wenye shida, visiishie mikononi mwa wachuuzi?

Baba wa Katuba: Mama, anzeni na Caritas ya parokia yenu, yaani kamati ya Kanisa Katoliki ya kuwasaidia wenye shida, kwa kuwa wanakamati wake huzitembelea nyumba za wagonjwa na wajane na wanajua nani analala chini. Msipakie gari kabla ya kuwasomea orodha, maana si kila parokia ina stoo. Magodoro yaanikwe juani na kukaguliwa kunguni. Nguo zifuliwe, na vifungo vilivyopotea virudishwe. Kama mna mablanketi, wakumbukeni pia watoto wa mitaani wanaopokelewa na Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki, kwenye kituo chao cha Bakanja, na ni vizuri yafike kabla ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba.

Yaya wa Ruashi: Naongeza juu ya jiko na friji. Katika kartiye (mtaa) ambamo umeme hukatika kila mara na watu wanapikia mbabula, yaani jiko la makaa, jiko la umeme litageuka meza ya kuwekea ndoo. Afadhali mliulizie kwa masista au kwenye shule yenye umeme wa uhakika. Friji, kwa maoni yangu, msimpe mtu kabla fundi hajaitazama, kwa sababu mnayempa atalipa usafiri, kisha atalipa fundi, na huenda mwishoni akalipa tena wa kwenda kuitupa. Kuhusu wachuuzi, samahani Mama, sioni ubaya. Hata duka la Brussels linauza. Parokia ikiuza sufuria moja kubwa, ambayo familia ya watu watatu haina moto wa kuichemsha, na kununua bunga (unga), msaada umefika.

Mama wa Kampemba: Nashukuru, hoja ya sufuria imenishinda. Je, ni utovu wa adabu kuomba karatasi ya mapokezi?

Baba wa Katuba: Hata kidogo. Andikeni orodha nakala mbili, anayepokea atie sahihi zote, nanyi mwandike wazi kama mnaruhusu vitu viuzwe. Karatasi hiyo inamlinda hata mwanakamati mwenyewe pale majirani wanapoanza kuuliza godoro lilikwenda kwa nani.