St. Lucia kwa siku nne: tulale Soufrière au Rodney Bay?

Binti_Ngamiani: Habari zenu wanajamvi. Mimi na mume wangu tunaishi Birmingham, na Februari tunakwenda St. Lucia, kisiwa cha Karibiani, siku nne tu. Wengine wanatuambia tukae Rodney Bay, kaskazini, wengine Soufrière, karibu na ile milima miwili ya Piton. Gari hatukodi. Tunataka kuiona nchi, si bwawa la hoteli. Nani amefika?

Baharia_Mstaafu: Soufrière, dada. Ndege za kutoka Uingereza hutua Hewanorra, kule Vieux Fort, kusini kabisa. Ukienda Rodney Bay unavuka kisiwa chote, kama saa moja na nusu ya kona za mlimani, halafu unalipa tena kurudi kusini kuziona Piton. Teksi hazina mita, kwa hiyo elewaneni bei kabla ya kupanda. Na uliza: dola zipi? Dola 1 ya Marekani ni 2.70 za kwao, na wewe na dereva mnaweza kusema "dola" kila mtu akiwa na yake kichwani.

MamaNasra: Shikamoo kaka Baharia. Hapo kwenye dola nakuunga mkono, kwenye malazi hapana. Usiku Soufrière pamelala, na wasio na gari watabanwa. Rodney Bay unatoka tu barabarani, unapanda daladala ya kwenda Castries, mji mkuu. Zao ni vipanyabasi, namba za usajili zinaanza na M. Ufukwe wa Reduit upo hapo hapo, na ngome ya zamani ya Waingereza iko Pigeon Island. Ijumaa usiku mitaa ya Gros Islet, kijiji cha jirani, inageuka jiko na ngoma, samaki wanachomwa nje hadi usiku wa manane. Jumapili na sikukuu ndiyo usafiri unapungua. Angalieni 22 Februari, ni siku yao ya Uhuru.

Miguu_Miwili: Mtapanda mlima? Gros Piton, mmojawapo wa ile miwili, ni mita 798, mnaanzia kijiji cha Fond Gens Libre na mwongozaji wa pale. Tengeni saa nne hadi tano kwenda na kurudi, na muanze asubuhi mapema kabla jua halijakaza. Juu kule ngazi ni mawe na mizizi, nyingine zinafika magotini.

Binti_Ngamiani: Mume wangu goti lake si zima.

Miguu_Miwili: Basi msijilazimishe, nendeni Tet Paul. Ni mwendo mfupi usiofika saa nzima, na mnaziona Piton zote mbili na bahari katikati. Mimi nimefanya yote mawili, na picha niliyoitundika sebuleni ni ya Tet Paul.

MamaNasra: Na Sulphur Springs, chemchemi za moto karibu na Soufrière, msiikose. Unajipaka tope la volkano, unaliacha likauke mpaka ngozi inavuta, ndipo unaingia kwenye maji ya moto. Harufu ni ya mayai viza. Vueni vito vyote vya fedha, pete yangu ilitoka nyeusi. Nguo za kuogea ziwe za zamani. Na msibebe nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi, hata ya mtoto: sheria yao inakataza.

Baharia_Mstaafu: Marahaba MamaNasra. Chakula chao kikuu nacho kitawarudisha nyumbani: ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi, kama ng'onda wetu. Ndizi hizo wanaziita "fig", msije mkasubiri tini. Shelisheli nalo lipo, wanalichoma mzima kwenye moto.

Binti_Ngamiani: Mmenisaidia sana. Tugawe, usiku wa kwanza na wa pili Soufrière, uliobaki Rodney Bay?

Baharia_Mstaafu: Hapo sawa. Kutoka Soufrière kwenda kaskazini msipite barabara, ulizieni boti. Mtapita Canaries, Anse La Raye na Marigot Bay, vijiji vyote vimeelekea baharini. Kaeni nyuma, muziangalie Piton zikibaki.