Piano mbovu si sadaka! Acheni kuyatupia makanisa mizigo yenu

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa kwaya kwenye usharika mmoja hapa Dar es Salaam. Kuna familia ya waumini wenzetu, watu wenye uwezo wao, walikuwa wanahama. Ndani ya nyumba kulikuwa na piano ya Kiingereza, ile ya kusimama, ambayo hakuna aliyeigusa tangu mzee wao afariki. Wangeweza kuiondoa kwa gharama zao. Hapana. Wakampigia simu mchungaji kwamba wanalitolea kanisa piano. Ikatangazwa ibadani, vigelegele vikapigwa. Usafiri juu ya nani? Kanisa. Wabebaji? Kanisa. Piano ya kusimama ina kilo 200 hadi 300, nyingine zaidi, kwa hiyo kirikuu haikufaa, ikakodiwa Canter pamoja na makuli, na hela ikatoka mfuko wa kwaya. Ule ule ambao vijana, wengine hawana hata kazi, walichanga kwa ajili ya spika.

Ilipofika nikafungua ubao wa chini, pale penye pedali. Panya walikuwa wamechambua sufu nyekundu inayokaa chini ya vibao (vile vya kubonyeza kwa vidole) wakajitandikia. Mgongoni mchwa wameshapita. Nyuzi zimekula kutu mpaka zimekuwa rangi ya udongo. Nikaweka ufunguo kwenye pini moja ya kukazia uzi, nikaikaza kidogo, nilipoachia ikarudi yenyewe. Nikajaribu ya pili na ya tatu, ni yale yale. Anayeijua piano ameshaelewa: ubao unaoshika pini umekwisha. Ukiituni asubuhi, jioni imeshashuka.

Na hili ndilo wazee wa kanisa hawataki kulisikia. Piano ina vibao 88, lakini ndani mna nyuzi zipatazo 230, na zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani 18 hivi, nyingine zaidi. Vinavyoubeba mvuto huo ni fremu ya chuma na huo ubao wa pini. Ubao ukifa, inabidi nyuzi zote zitolewe na fremu ing'olewe ndipo uwekwe mwingine, na vifaa vyote vinaagizwa nje. Gharama yake inaipita thamani ya piano yenyewe mara kadhaa. Halafu ukimaliza unairudisha kwenye joto na chumvi ya hapa pwani, ambako gundi ya zamani inaachia na chuma kinaendelea kuliwa. Fundi niliyemwita aliangalia kwa dakika chache tu, akafunga mfuniko, akasema hatachukua hela yetu. Mungu ambariki, ndiye mtu pekee aliyetuambia ukweli.

Wazee wanajibu kwamba zawadi haikataliwi. Basi piano imesimama pembeni ya madhabahu, imefunikwa kitambaa, juu yake vase ya maua. Kwaya inaimbia kinanda cha umeme chenye spika moja inayokoroma, kwa sababu hela ya spika imeishia kwenye Canter.

Kuna jambo lingine lililonikera zaidi. Vile vibao vyeupe kila kimoja kina mstari mwembamba pale sehemu pana inapokutana na ile nyembamba, na kina mishipa midogo midogo kwa ndani. Hiyo ni dalili ya pembe ya ndovu. Mzee mmoja akashauri tuvibandue tuviuze! Jamani! Pembe ni nyara za serikali, na ukikutwa nazo bila kibali Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuulizi kama wewe ni mwalimu wa kwaya. Tena pembe za vibao vya piano nyingi zilitoka huku huku kwetu. Karne ya 19 zilibebwa mabegani na watu, baadhi yao watumwa, kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikapelekwa Connecticut, Marekani, kukatwa vibao. Watu walikufa njiani kwa ajili ya vitu hivyo. Nimesema hakibanduliwi hata kimoja mpaka tuwaulize watu wa wanyamapori, na waliotuletea piano walipaswa kuuliza kabla yetu.

Kwa hiyo wewe mwenye piano ya babu sebuleni, mwite fundi kabla hujampigia mchungaji au mwalimu mkuu. Bonyeza vibao vyote, angalia pini, angalia fremu kama haina ufa. Ikiwa nzima, itoe, na nauli ulipe wewe. Ikiwa imekufa, lipa watu waivunje kwako. Na msikate nyuzi kwa mkasi wa bati kama nilivyoona mahali. Uzi uliovutwa ukikatika unaweza kukutoa jicho. Pini zilegezwe zote kwanza, kidogo kidogo, ndipo nyuzi zitoke.

Yetu nimeshaiandikia barua baraza la wazee: familia iliyoileta ije iichukue, au ilipe ivunjwe na irudishe hela ya vijana. Sijajibiwa. Kuna mwenye uzoefu wa kulisukuma jambo kama hili usharikani bila kanisa kugawanyika? Na kama kuna seremala anayetaka mbao, au mtu wa vyuma chakavu anayetaka fremu, aje PM, ila usafiri na wabebaji ni juu yake.