Tupeane uzoefu: mtoto kalazwa na nimonia na VVU ipo nyumbani, gharama iliwapiga wapi?

Habari wadau. Nafungua huu uzi maana mimi nilijua dawa ndio zitanimaliza, kumbe dawa zilikuwa kamstari kadogo tu kwenye bili. Mwanangu ana miezi 4, mimi naishi na VVU. Usiku akaanza kuhema mbio, nikahesabu kwa simu dakika nzima nikapata 68 (umri ule ikifika 50 tu ni ya kukimbilia hospitali) na mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Tukalazwa siku 19. Walianza na sindano za ampisilini na jentamaisini, wakaongeza Septrin dozi kubwa ya wiki 3 kwa ajili ya ile nimonia ya kuvu inayowashika sana vichanga wa kina mama kama mimi. Kilichonikausha ni kitanda, kila kukicha kinahesabiwa, halafu oksijeni siku 6, plasta ya mrija mpaka ngozi ya shavu ikabanduka. Wenzangu ilikuwaje?

BABA WAWILI: Pole sana dada. Sisi matibabu tulipewa bure kabisa ila tulitoka na madeni. Mke yuko wodini, mimi kibarua cha kutwa nimeacha, nauli asubuhi na jioni, chakula cha anayeuguza, mkubwa tumemwacha kwa jirani naye anataka kula. Hayo hamna bili inayoyaandika, na kwetu ndio yalikuwa mengi kuliko yote.

SHANGAZI MTU: Namlea mtoto wa marehemu mdogo wangu. Tulikaa siku 5 sindano hazishiki, homa iko palepale, kumbe hakuna aliyewaambia madaktari hali ya mama yake, mimi nilijua nikanyamaza sababu ndugu walikuwa wamejaa pale kitandani. Siku ya 6 nikamfuata daktari koridoni nikasema. Wakapima, wakabadilisha dawa, ndio akaanza kupata nafuu. Zile siku 5 nazijutia mpaka leo.

NESI WA WATOTO: Shangazi usijilaumu, sisi ndio tulitakiwa tukuulize pembeni. Kina mama, kipimo cha kawaida cha haraka cha VVU kwa kichanga kinaweza kusoma kinga za mwili alizopata kwa mama yake, hata kama yeye hana kirusi, mpaka miezi 18, kwa hiyo dai kile cha kutafuta kirusi chenyewe, tone la damu ya kisigino kwenye karatasi, kuanzia wiki 4 hadi 6. Na Septrin ya kinga ya kila siku inaanza umri huohuo, ni dawa ya bei ndogo mno ukilinganisha na siku moja ya oksijeni. Chanjo ya nimonia nayo msiiruke.

MWANZISHA UZI: Nesi asante, umenigusa penyewe. Hiyo Septrin nilipewa kliniki, nikampa siku mbili nikaificha chini ya nguo zake maana mama mkwe aliuliza mtoto mzima anakunywa dawa za nini. Chupa niliikuta tuliporudi, imejaa. Sasa hivi nampa kila asubuhi na mkwe nimeshamwambia ukweli, alilia kisha akaniuliza dozi ni kiasi gani ili siku nisipokuwepo ampe yeye. Kipimo cha kwanza kimetoka hana kirusi, tutarudia mpaka baada ya kumaliza kunyonyesha. Bili bado nalipa kidogo kidogo.