AMEHESABU MIFUPA. Mbele ya mama mkwe wangu. Kwa tochi!

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Mke wangu anasema nilale kwanza niandike kesho. Silali.

Wa Kinyerezi na Segerea wote mnamjua. Simtaji. Yule bwana wa kaunta, kwenye ile gardeni yenye vibanda vya makuti na spika kubwa kuliko jiko, anayetembea na funguo za choo shingoni kama kavishwa nishani. Ndiyo, huyo huyo. Leo huyo mtu kahesabu mifupa kwenye sahani ya mama mkwe wangu.

Mama kaja juzi kutoka Singida, Iramba huko, kashuka stendi ya Magufuli na ndoo ya karanga kichwani, kaja kumwona mjukuu. Mwanamke kafuga kuku tangu akiwa binti. Hao kuku wa Singida mnaojisifia kuwala hapa Dar, watu kama yeye ndio wanaowalea. Nikasema leo mama hashiki mwiko, leo namtoa. Mke wangu akashauri twende tu kwa mama ntilie wa kituoni. Nikakataa, mkwe wangu simkalishi kwenye benchi.

Tukaagiza kuku mzima wa kienyeji wa kuchoma, 40,000, na ndizi na ugali. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni. Kuku kaja saa mbili na nusu usiku. Watoto wamelala kwenye viti, mdogo naapa kaongezeka kimo tukiwa pale pale. Nikavumilia, kwa sababu kienyeji kweli hana haraka, lazima achemshwe kwanza mpaka alegee ndipo apande kwenye mkaa. Nikamwambia mama, "Vumilia mama, ndiyo kienyeji huyo." Hayo maneno yananichoma mpaka sasa.

Kaja wa njano. Kapakwa manjano mpaka kidole changu bado kina rangi, nakitazama hapa ninapoandika. Mama kamega paja, katafuna mara mbili, katulia. Akaushika mfupa kwa vidole viwili, akaubonyeza, ukavunjika kta! kama biskuti. Akauchungulia ndani, akaurudisha kwenye sahani taratibu. Halafu akaniambia chinichini, asiniaibishe mbele ya watu: "Mwanangu, huyu kuku hajawahi kukimbia."

Broila! Broila wa wiki sita kauzwa kwa bei ya jogoo wa miezi sita! Saa mbili nzima jikoni walikuwa wanafanya nini, wanamfundisha Kinyiramba?

Nikamwita mhudumu, binti wa watu, yeye hana kosa, akaenda kumwita mkubwa wake. Kaja. Hakusalimia. Mama ana miaka zaidi ya sitini na hakupewa hata shikamoo. Kawasha tochi ya simu. Kachukua uma WANGU. Kainama juu ya sahani ya mama, kaanza kusogeza mfupa mmoja mmoja. Moja. Mbili. Tatu. Meza za jirani zote kimya, wameshika vijiko hewani. Kafika kumi na moja, kainua kichwa: "Mzee, mifupa kumi na moja hii. Kuku mmeshamla, mnalalamika nini?"

Kumi na moja, kwa sauti, kama anaita namba za wagonjwa.

Mama kajiziba mdomo kwa khanga. Halafu akafungua fundo kwenye pindo, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne, akanisukumia chini ya meza. "Lipa mwanangu, twende." Hela ya nauli yake ya kurudi! Nimemrudishia, nimelipa mwenyewe, 58,000 pamoja na soda. Nikadai risiti, naambiwa mashine haina mtandao. Bili yangu imeandikwa nyuma ya boksi la sigara, ninayo hapa.

Na sijaanza kula nje leo. Goba nimekula chipsi za mafuta meusi nikanyamaza. Tabata nimepewa pilipili ya kopo iliyozimuliwa kwa maji mpaka unaweza kunawia. Madale kuna mahali ukiona wamekuwekea ndimu nne kwenye samaki, jua huyo samaki kakaa siku nne. Yote nimemeza. Lakini hakuna, hakuna popote, mtu aliyewahi kunihesabia mifupa. Na huyo mama ntilie wa kituoni niliyemkataa, maharage yake yakitoka na kijiwe anakwambia "samahani mwanangu" na anakuongezea mchuzi. Kibanda cha bati! Wali, maharage na tembele kwa 2,000! Mwenye taa za rangi anakuja na tochi.

Mama kalala. Hakula tena. Kasema kesho atatafuta kuku achinje mwenyewe.

Uma wangu, wakuu. Kahesabia uma wangu.

Mtoto wa Segerea: Uliposema funguo za choo shingoni nikamjua kabla sijafika nukta. Mimi alinidai 500 ya choo, na soda zote za ukoo wangu siku hiyo tumenunua kwake.

Fundi Mizani: Swali dogo mkuu. Kuku mzima mnakula watu wazima watatu na watoto, mifupa inatoka kumi na moja tu? Mingine iko wapi? Angalieni mifuko ya watoto.

Dada wa Kimara: Mnacheka, lakini mama wa watu kafungua pindo la khanga atoe nauli yake. Mimi hapo nimeweka simu chini kwanza.

Jogoo la Shamba: Kosa ni lako. Mama wa Singida unamleta kula kuku Dar? Ni sawa na kumchukua Mhaya ukampeleke akale ndizi Dodoma. Ungempa pweza.

Mwenye uzi: Jogoo la Shamba, sijaja hapa kufundishwa kukaribisha mkwe. Mtu kahesabu mifupa kwa tochi, wewe unaniletea pweza?

Jogoo la Shamba: Pweza hana mfupa. Angehesabu nini?

Mla Zege: 😂😂 Kaua. Ila afadhali nyie mlichokula mmekiona. Sinza wiki iliyopita nimeagiza zege, yaani chipsi mayai, la mayai mawili, yai nimelitafuta mpaka na mimi nikatamani tochi. Viazi vigumu, ukiangusha kimoja mbwa anakimbia. Njombe na Mbeya wanalima viazi nchi nzima inawategemea, sisi tunatafuna mbao.

Mwenye uzi: Mbao hujahesabiwa. Mimi NIMEHESABIWA.

Kijana wa Mbezi: Tukianza kulalamika tulalamike na kitimoto. Kilo inapimwa mbichi, sawa, naelewa inapungua kwenye moto. Lakini inapunguaje mpaka inabaki robo na ndizi sita? Juzi nimesimama mlangoni mwa jiko kuanzia nyama inapokatwa. Nimetoka kujibu simu dakika moja, kilo imekonda.

Bi Ukwaju: Wengine hatuli hiyo, jamani. Ngoja niwaambie ya samaki. Madale hapo, sato nilimchagua mwenyewe kwenye friji, nikamweka alama, jicho la kushoto hana. Kaja mezani kakaangwa vizuri, ana macho mawili.

Fundi Mizani: Katibiwa jikoni.

Mtoto wa Segerea: Bi Ukwaju umenimaliza.

Bi Ukwaju: Nilipouliza wakasema macho huwa yanatoka nje akiingia kwenye mafuta ya moto. Mimi nakaanga samaki miaka ishirini na tano!

Mwenye uzi: Pole dada. Ila naomba wakuu turudi kwenye mada. Kainama juu ya sahani ya mzazi.

Mzee wa Bandarini: Shida yenu mnakula samaki kwa watu. Nenda Feri mwenyewe alfajiri, mnadani, chagua, rudi nyumbani ukaange na macho yake.

Kijana wa Mbezi: Sato Feri, mzee?

Mzee wa Bandarini: Nimesema samaki, sijasema sato. Feri ni changu, kolekole, jodari. Sato ni wa ziwani, kaja na barafu kutoka Mwanza, akifika Dar kasafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Hata wewe ukisafiri hivyo jicho linatoka.

Mla Zege: Changu ana miiba sana.

Mzee wa Bandarini: Ndiyo maana mnauziwa broila. Hamtaki mwiba, hamtaki mfupa.

Dada wa Kimara: Mzee, kolekole kwenye mchuzi wa nazi au unamchoma?

Mzee wa Bandarini: Mkate vipande, mpake chumvi na ndimu, mpitishe kwenye mkaa kidogo, ndiyo umtie kwenye tui. Usimtie mbichi.

Mwenye uzi: Hivi kuna mtu hata mmoja anayefikiri kuhesabu mifupa ya mgeni ni sawa?

Bi Ukwaju: Hakuna, kaka. Mzee, Jumamosi unakwenda? Mimi niko Madale, tunaweza kuchangia usafiri.

Mzee wa Bandarini: Nakwenda. Saa kumi na moja alfajiri niko pale. Kila mtu na ndoo yake.

Kijana wa Mbezi: Gari ninalo, nawapitia. Ila ndoo iwe na mfuniko. Mara ya mwisho gari lilinuka jodari wiki mbili.